Namba ya Mbele

Mlandege, Iringa
Jumapili, baada ya ibada

Lusekelo, rafiki yangu,

Barua zangu zote kwako nilizianza kwa kukuuliza hali. Leo sijui nianzie wapi. Huu ni mwaka wa pili tangu kichomi kikuchukue kule Mafinga, kwenye kazi ya kupasua mbao, na sijakuandikia hata mstari. Niliogopa.

Mimi sasa ni mwalimu. Cheka tu. Nafundisha sayansi, nina kaptula mbili za kaki na sauti ya kukemea. Alhamisi nilimwita ubaoni binti mmoja, Semeni, asawazishe mlinganyo wa hidrojeni na oksijeni zinazofanya maji. Akaona upande wa kulia oksijeni imepungua moja, akabandika mbili ndogo nyuma ya O: H₂O₂. Akanigeukia anatabasamu. Nilikuona wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasomea nyuma ya jiko la shule, kufuata joto? Mwalimu wetu alifundisha kwa Kiingereza cha mbio, sisi tukaitikia kwa vichwa. Mimi ndiye niliyekufafanulia, tena kwa kujiamini: kwetu idadi hukaa nyuma, tunasema mbuzi wawili, hatusemi wawili mbuzi. Kwa hiyo ongeza nyuma. Hiyo namba ya mbele ni namba ya swali tu, iache. Ukanishukuru kwa Kinyakyusa chako, "Ndaga, mwalimu wangu," ukanimegea kiazi.

Siku moja kabla ya mtihani wa darasa la kumi nilimpelekea mwalimu daftari langu. Akalikata kwa wino mwekundu. "Haya si maji, ni dawa ya kuoshea vidonda!" Akanieleza polepole. Namba ndogo ya nyuma ni umbo la kitu chenyewe, haiguswi. Ya mbele ndiyo inayohesabu vitu. Ukitengeneza vigoda viwili vya miguu mitatu, na miguu ikakubakia, hupigilii mguu wa nne. Unatengeneza kigoda kingine. Basi ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Nilielewa palepale, nikatoka nimefurahi kama mtoto.

Bwenini nilikukuta unapiga pasi shati la mtihani. Ukaniuliza, "Mwalimu wangu, kuna jipya?"

Nikasema hakuna.

Sikukutakia mabaya, Lusekelo. Niliona aibu. Nilipenda mno kuitwa mwalimu, nikashindwa kukubali unione nimekosea. Nikajiambia nitakuambia asubuhi. Asubuhi kengele ikapigwa, tukaingia.

Milinganyo ilijaa karatasi nzima. Mimi nilifaulu. Wewe ulifunga sanduku lako ukasema, "Ndugu yangu, kichwa changu hakikuumbiwa vitabu." Nilikusindikiza hadi barabarani, na hata pale sikusema.

Kichomi sikukupa mimi, hilo najua. Lakini umekufa ukiamini uongo juu ya akili yako, na mwenye uongo huo ni mimi. Kwenye msiba, Mama yako alinishika mikono miwili. "Mwanangu alikuwa mwema, baba, ila shule ilimshinda. Asante kwa kumsaidia." Nikala chakula chake.

Semeni sikumcheka. Nililiambia darasa kwamba hata mimi niliwahi kukosea hivyo, na kwamba rafiki yangu aliniamini. Nilitaka kuendelea, nikageukia ubao nikafuta ile mbili ndogo.

Kwa hiyo nakuahidi. Jumamosi napanda basi la Mbeya, nashuka kwenu Uyole. Nitakaa chini mbele ya Mama na kumwambia: shule haikumshinda Lusekelo, mimi nilimficha nilichojua. Akinifukuza, nitarudi barabarani kungoja basi. Lakini atakuwa amejua kwamba alizaa mtoto mwenye akili.

Pumzika, ndugu yangu.

Ni mimi, niliyejua,
Daudi