Swali Nililouliza Gitega

Dada Espe mpenzi,

Hamjambo huko Muyinga? Gitega ni mvua na baridi, na mimi sina amani. Kwenye mkutano wa uongozi mwezeshaji alisema kiongozi mzuri hupenda kuulizwa, akatuomba tujaribu. Mimi, karani mdogo kuliko wote, nikasimama na kuuliza kwa nini wananchi hungoja nje kutwa nzima kwa ajili ya sahihi moja ya chefu, mkubwa wa ofisi yetu. Chefu wetu alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Mchana, tukila ndizi na maharage, aliwafungulia wenzangu Fanta kwa mkono wake, mmoja mmoja. Mimi akanipita. "Huyu iko chefu sasa," alisema, "atajifungulia." Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Hayo ndiyo mafunzo niliyoyapata, dada. Jioni aliniambia kwa upole: "Tukirudi Muyinga, we utakaa mbele na mi kwenye gari, tuongee njia nzima." Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na sahihi ya kuuongeza ni yake.

Mwambie mama nakula vizuri, nawapenda nyote. Nikishuka garini, tafadhali usiniulize kitu. Nipe uji tu.

Mdogo wako,
Deo