Mupaka ya Pori Ilizunguka Shamba Yako

Lubumbashi

Faustin, mudogo yangu wa tumbo moja,

Barua hii ikukute muzima, wewe na bote ba lupango, pale nyumbani. Magoti ya mama inamuacha kufika ku misa, ao bado banamuletea komunyo ku nyumba? Mutoto mupya ananyonya muzuri? Huku tuko, tunashukuru.

Faustin, nimechoka. Kazi yenye banatupatia mu biro iko hivi: ba-ajenti ba pori banazunguka mapori ya Leta, ya serikali, na kamashini kenye kuandika kila nafasi muguu inapita. Kisha miye, muntu wa kupiga barua ku mashini, natengeneza ile mistari ku ordinatere, ku kompyuta, mbele ya kuingia mu karti, ile ramani ya mapori. Mustari moja inajikata yenyewe, ingine inaacha nafasi wazi, mapori mbili inapandana. Nafuta, naunga, macho inaniuma, kesho banaleta zingine.

Juma iliyopita balinipa pori ya kwetu. Mwanzo nilicheka. Mupaka inatembea muzuri, kisha inaingia kwa shangazi Véronique, inajifunga pale sawa uzi, inatoka, inaingia kwa mwalimu. Nikajua ni wewe ulibaongoza, na kila mulango ulibasimamisha kusalimia na kunywa munkoyo, kamashini kanaandika tu. Shefu wa biro akaniuliza: "Mama Berthe, huyu muongozi alikuwa anapima pori ao anatembelea bakwe?"

Lakini pa kijito kicheko ikaisha. Karatasi ya zamani inasema mupaka inafuata maji: pori ngambo ile, mashamba ngambo hii. Mustari yako inaruka maji, inazunguka mihogo yenye ulilima ndani ya pori, kona ine, bila kusimama hata kidogo. Kisha inarudi ngambo hii ya mashamba na kumeza shamba ya mujane, Mama Odile. Ulitoa yako, ukaingiza yake, ili pori isionekane imepungua. Hiyo akili, wakati wa masomo ulikuwa unaificha wapi?

Nilikuita ku telefone, ukaniambia miye dada yako mukubwa: "Yaya, ile ni karatasi tu. Nani atakaa kuiangalia?"

Ni miye, Faustin. Njo kazi yangu, kuiangalia.

Na mama aliniambia bale ba-ajenti balishamukataza Mama Odile kupanda, na mvua iko karibu. Ule mwenye alikulisha wakati mama alilala ku hospitali. Siku tatu sikugusa ule mustari. Siku ya Mungu bengine balisimama kwenda ku komunyo, miye nikabakia ku kiti. Kesho yake nikamuambia shefu: huyu muongozi ni mudogo yangu, na hapa alidanganya. Akasema: "Basi, Mama, rudisha mustari ku maji." Nikairudisha na mukono yangu.

Sasa shamba yako iko mu pori, na batakuja kusimika bibao. Ng'oa mihogo yenye imekomaa. Ile sehemu baba aliniachia iko ngambo hii, inalala bule. Lima pale, hata usiniombe.

Salimia mama, shangazi Véronique, bibi yako wa ndoa na batoto bote. Kwa Mama Odile usipeleke salamu yangu. Mupelekee kwanza neno yako mwenyewe: kwamba ni wewe ulimukosea, na kwamba apande shamba yake.

Miye yaya yako mwenye kukukasirikia na kukuombea,

Berthe