Mume Wangu Ananiogopa kwa Mkanda Anaoutafsiri Mwenyewe

Mpendwa Shangazi Lukresia, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mkanda unarudiwa hapa Dutwa na sijui kama hadi hapo nitakuwa bado mke wa mtu. Mume wangu Luhaga, tangu wanunuzi binafsi waanze msimu huu kuja na malori yao kununua pamba, alipata hela akanunua ng'ombe na ndama wake, televisheni, deki na jenereta, akafungua banda la video, na kwa kuwa watu hawajui Kiingereza yeye husimama pembeni na fimbo akiwatafsiria, ingawa Shangazi, Kiingereza cha Luhaga kinaishia kwenye salamu.

Sasa kuna mkanda mmoja wa wazungu, mke na mume wanaishi ghorofani hawasemeshani, mke anatembea na mkasi, mume anachungulia kwenye matundu ya funguo, unatisha mpaka watu wazima wanashikana mikono. Mimi sikuwa nimeuona. Siku moja asubuhi bombani jirani yangu Nyanjige akanisalimia, "Mwangaluka mayu," kisha akasema, "Kumbe na yule mama wa kizungu alifiwa na mama yake, mume asiende kuzika!" Shangazi, hayo ni yangu. Mama yangu alifariki mwaka jana kwetu Bukundi, nikashinda barabarani nikitazama kila baiskeli inayokuja, Luhaga hakutokea, baadaye akasema tairi lilipasuka. Tangu hapo nampikia, namfulia, ila mazungumzo hakuna.

Basi nikajifunika kanga nikaenda kukaa nyuma. Shangazi, niliisikia ndoa yangu yote! Yule mama alipopiga simu, Luhaga akatafsiri, "Anasema ugali uko jikoni, kajipakulie mwenyewe," maneno yangu hayo hayo. Mzee Bujiku akauliza, "Simu nzima kwa ajili ya ugali?" Akajibiwa wazungu ndivyo walivyo. Halafu yule mume akalia peke yake ndani ya gari, na Luhaga akatafsiri polepole, "Anasema, sikwenda kuzika kwa sababu zizi lilikuwa tupu, sikuwa na hata mbuzi wa kupeleka ukweni, nikaona haya." Watu wakacheka sana kusikia kwamba wazungu nao hupeleka mbuzi, na Luhaga akakohoa kama aliyepaliwa.

Lakini si hilo linalonileta kwako, linalonileta ni kwamba sasa ananiogopa! Ameficha kisu, vitunguu nakata kwa mundu, ugali hali mpaka niuonje kwanza, na mlango wa jikoni ameufungia kengele ya ng'ombe ili anisikie nikija, kila nikitoka ndama anaitikia. Nikimuuliza anasema, "Nimeona kwenye mkanda wanawake mnavyoanza." Na mkanda wenyewe ni mbovu, unakatika mke akiwa nyuma ya mume kwenye ngazi na mkasi wake, na watu wamemwambia Luhaga Jumamosi awaeleze unaishaje. Begi langu limeshafungwa. Je, niende kwetu sasa, au nisubiri nisikie nitamfanya nini?

Ng'washi, Dutwa

SHANGAZI ANAJIBU

Ng'washi, fungua hilo begi. Barua yako niliisoma nikicheka, nikairudia, na mara ya pili sikucheka.

Nianze na Luhaga wako. Mwanamume mzima anatunga hadithi kwa mdomo wake mwenyewe halafu anaikimbia! Nyumba yenu haina hata ngazi, utamsukumia wapi? Na mambo ya chumbani hayawashiwi jenereta, mwambie nimesema hivyo.

Na wewe, mama, kanga hiyo haikufichi kwangu. Umenieleza habari za kisu, mundu na ndama, na jambo lenyewe ukalipita. Tairi halikupasuka. Mumeo amekuomba radhi mbele ya Dutwa nzima, na wewe ulikuwa umekaa nyuma ukiulilia ugali! Nyumbani hana pa kusemea, akifungua mdomo unamtuma jikoni, ndipo akaazima mdomo wa mzungu. Ni njia ya kijinga, sikatai, lakini ndiyo aliyoiona.

Kengele ifunguliwe leo, irudi shingoni kwa ng'ombe wake, na kisu kirudi jikoni. Jumamosi kaa mbele, uso wazi. Yule mzungu akianza kulia garini, simama umwambie Luhaga kwamba mwanamke utamtafsiri wewe, kwa kuwa Kiingereza chenu ni kimoja. Kisha sema kwa sauti, Mzee Bujiku asikie: "Anasema hakuwa akingoja mbuzi. Alikuwa barabarani akikungoja wewe."

Mkanda ukikatika, watu wapige kelele watakavyo, ninyi zimeni jenereta mwende nyumbani. Jumapili pandeni basi la Bukundi wote wawili, ukamwonyeshe kaburi la mama yako. Mbuzi atampeleka siku nyingine. Safari hii aende mikono mitupu, ila afike.