Ziwa ya Muteba Haina Hata Chura

Mupendwa mushauri, naomba musaada juu roho haitulie tena, mi ni Honorine wa ku Kapata, kwetu ni Sandoa, bwana yangu Muteba alikuwa creuseur, anachimba kobalti, sasa kuko shimo moja kubwa ya zamani kule ku mulima yenye ilijaa maji, akajenga paillote tatu, bibanda ya majani, akaweka biti na meza, akaandika ku kibao «Lac Paradis», na bantu banatoka mujini kila dimanche, siku ya kanisa, kupiga foto, juu maji iko clair, bluu, unaona majiwe mupaka chini, lakini mushauri, mule hamuna samaki, hamuna chura, nilifua bitambaa ya meza na ile maji mara moja tu bikatoboka, mikono ikaniwasha siku tano, Muteba akasema ni sabuni, na sasa pasta wetu amependa ile fasi, dimanche hii atabatiza pale bantu makumi ine, gari ya kubabeba ameshapanga, kuzamisha bazima-bazima, na Mignonne, mutoto wangu wa miaka kumi na tatu, iko kati yabo, Muteba anasema, «Honorine, ukifungua kinywa unanipatisha haya mbele ya kanisa yote», naogopa kuvunja nyumba yangu, nifanye nini?

*Mama Honorine,*

Felisitasyo, hongera! Mbu, mwenye anazalia hata mu kopo ya tomati, aliona Paradis yenu akasema, «Aksanti, mi napita.» Weye mwenye akili, unaniuliza mi.

Na ile sabuni ni ya ajabu kweli. Ku lac inatoboa kitambaa, ku robinet, bomba ya Kapata, haijatoboa hata soksi moja!

Pole, mama. Kuishi na mwanaume mwenye kibao yake inapita akili yake, inachokesha. Lakini weye ulijua na ukanyamaza, na pasta ameshapanga gari ya kubeba bantu. Haya ya Muteba itapona. Macho ya mutoto je?

Kesho asubui, mbele ya kupika, enda kwa pasta. Kamata kile kitambaa cha matobo, tandika ku meza yake, muonyeshe mikono. Usihubiri, yeye ndiye anajua kuhubiri. Aende kubatiza ku mutoni kwenye batoto banaogelea.

Kisha ambia Muteba, mbele ya wazee wa kanisa, aingie yeye wa kwanza mu lac yake, anawe uso, macho wazi. Akikataa, basi alijua tangu mwanzo, na alikuachia ushone Mignonne robe nyeupe ya ubatizo. Siku ile ile funga manguo yako na ya batoto, enda kwenu Sandoa. Kibao aking'oa, unaweza kurudi. Mutoto akipofuka, utarudi wapi?