Jina la Mama Daktari

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitafika, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Huku Bagara tu wazima. Mahindi tumevuna, na maharage ya shamba la Nakwa Baba anayapukuchua mwenyewe uani, polepole, maana hana wa kumtania. Mimi nimeanza kidato cha tano, shule ileile, kutwa. Nimepangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kama ulivyotaka. Na naogopa, Mama. Naogopa hadi chakula hakishuki.

Mwalimu wa taaluma amesema anayetaka kubadilisha kombi ya masomo afike ofisini kwake Jumatatu, baada ya hapo basi tena. Leo ni Jumamosi.

Fizikia imenishinda. Si uvivu, wewe unanijua. Ratiba nimeibandika palepale ukutani juu ya meza, lakini fizikia haishibi: imekula saa za kemia, ikala za biolojia, sasa inakula za kulala, na jaribio likirudi ni wekundu mtupu. Ulikuwa ukisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nimeshika matatu na yote yananiponyoka. Ninachosoma bila kusukumwa ni jiografia, tena kwa daftari la kuazima kwa wenzangu wa HGL, wanaochukua historia, jiografia na Kiingereza. Nikisoma habari za udongo na mvua naliona shamba letu, hata nasahau kutazama saa.

Unaikumbuka ratiba yangu ya kwanza? Niliandika "4:00, Fizikia", nikimaanisha saa kumi jioni, kama tunavyoandika shuleni. Wewe ukaisoma saa nne. Jumamosi asubuhi ukaninyang'anya sufuria niliyokuwa nasugua: "Acha vyombo, saa yako imefika!" Sikuwa na moyo wa kukusahihisha. Tangu hapo kila Jumamosi ukaosha vyombo wewe, nami nikasoma kwa saa nne yako.

Lakini kinachonitisha zaidi si fizikia. Ni jina lako. Tangu nilipomfunga jogoo mguu uliovunjika kwa kitambaa, nikiwa darasa la nne, majirani walianza kukuita Mama Daktari kwa utani, nawe ukaitika kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Jogoo mwenyewe alichechemea mpaka Krismasi tulipomla, lakini jina likabaki. Hata siku ya kukuzika walikutangaza hivyo. Juzi Mama Elia wa dukani alinishika mkono: "Pendo, daktari wetu, soma. Mama Daktari anakuona." Nikatoka bila ile chumvi niliyoifuata. Nikiacha fizikia, si nitakuwa nimekuvua jina wakati huwezi hata kujitetea?

Jana nilimwambia Baba. Aliendelea kupepeta maharage. Unajua alivyo. Kisha akasema, "Mama Pendo angeuliza kwanza kama umekula."

Mama Pendo. Nililia, Mama. Miaka yote mtaa mzima unakuita Mama Daktari, yeye hakuwahi kukuita hivyo hata mara moja, nami sikuwahi kuliona hilo. Kwake ulikuwa mama yangu tu, kabla ya jogoo na kabla ya kombi. Basi nikala. Ugali na mlenda, sahani nzima.

Bado naogopa. Watu watasema, Mama Elia atanuna, na wewe labda ungenuna pia siku mbili tatu. Lakini Jumatatu nitaenda kuomba HGL, na nakuahidi saa zote ambazo fizikia ilikuwa inazila nitazitumia kusoma kweli. Mwalimu anaanza kupokea watu saa nne. Saa nne yako, ya asubuhi. Vyombo nitakuwa nimeshaviosha.

Pumzika, Mama Pendo.

Mwanao,
Pendo