Ile Rufaa Sikuipeleka

Dada Selina,

Mwenyekiti wa baraza la ardhi hajamaliza hata kusoma uamuzi wake, baba mdogo Mashimba ameshageuka anatucheka. Shikamoo dada. Pole na baridi ya huko Iringa, watoto nawasalimia. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamvimba.

Kama ulivyoambiwa kwenye simu, karatasi ya baba aliyonunulia shamba la Ilemela, hili ambalo Mashimba anadai ni lake, imekataliwa. Mwenyekiti alisema imechezewa, haipokei, ila kesi inaendelea. Tulipotoka nje Mashimba akatupigia kelele mbele ya watu, eti nyie watoto wa Teodora, kama mna ubavu kateni rufaa tukutane Mahakama Kuu. Wote mkawaka. Ukaagiza rufaa ikatwe haraka, ukisema mwenyekiti kanunuliwa. Mama akaweka dole gumba, karatasi ya rufaa nikapewa mimi nipeleke.

Mimi siongei, unanijua, ila naangalia. Nikajiuliza, huyu mzee anatusukumia rufaa ya nini? Nikapita Mkuyuni kwa wakili Sheetal, yule dada wa Kihindi anayesaidia watu bure. Akaniuliza kama kesi imeisha. Nikasema bado. Akasema basi huo ni uamuzi mdogo, haukatiwi rufaa peke yake. Ungekuwa umeimaliza kesi yenyewe, hapo sawa. Huu mnausubiri mpaka hukumu, mkishindwa mnaulalamikia pamoja na mengine yote. Mkikimbilia sasa rufaa itatupwa, na jalada litakaa huko mwaka, hata miwili. Halafu akaniuliza mama yetu ana umri gani.

Hapo ndiyo nikaelewa kile kicheko: Mashimba anataka kesi ikae mpaka mama asiwepo wa kutoa ushahidi. Minyaa, ile miti ya utomvu ya mpakani, aliipanda mama kwa mkono wake, na shahidi mwingine aliye hai hakuna.

Sasa dada, ile rufaa sikuipeleka. Ipo chini ya godoro langu. Kasirika unavyotaka, siipeleki.

Na mwenyekiti hajanunuliwa na mtu. Aliyechezea karatasi ni mimi. Maandishi ya baba yalikuwa yamefifia, nikaogopa hawatayasoma, nikapitisha peni ya bluu juu ya kila herufi, mpaka sahihi yake. Nilidhani nasaidia. Wiki tatu nimewaacha mnamtukana mtu bure. Jana nimemwambia mama. Akasema basi nipeleke barazani mimi mwenyewe, mimi bado sijafifia.

Leo nitasimama mbele ya mwenyekiti niseme kwa mdomo wangu. Mashimba aliikata minyaa yote, lakini visiki vimechipua, mstari mzima mpaka ziwani. Mama ataomba baraza lije livione. Acheke tena.

Msalimie shemeji, na majirani zako wote wanaotuuliza hali.

Naacha hapa dada. Wanaanza saa tatu, na mama ameshavaa, amesimama mlangoni ananiuliza kama nimeota mizizi.

Mdogo wako,
Luhende