Mama, Nilienda Kukaa Kanisani Kwenu

Mama,

Tumerudi Eldoret baada ya kukuzika kule nyumbani, Bungoma. Chumba chako hapa mtaani Pioneer bado sijakigusa. Shuka ni ile ile uliyolalia. Watoto wakipita mlangoni wanatembea polepole, kama bado umelala.

Nakumbuka siku Padri alipokuletea Komunyo. Ugonjwa wa koo ulikuwa umefika mahali hata uji haupiti. Aliimega hostia, akachukua chembe ndogo sana, akakupa na kijiko cha maji. Ulihangaika kuimeza mpaka machozi yakakutoka. Mimi, niliyeacha kanisa lenu nilipoolewa, nilikasirika. Alipoondoka nikakuuliza kwa nini unajitesa hivyo kwa kakipande ka mkate. Sauti yako ilikuwa imebaki kidogo tu. Ukasema, "Si mkate, Nekesa. Ni Bwana mwenyewe. Amekuja mpaka hapa kitandani."

Kwetu, kanisani kwa mume wangu, tulikuwa tunakuombea uponyaji kwa ngoma na kwa sauti, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nasikia Mungu akishuka, Mama. Kweli nilisikia. Tangu ufe, wanaimba na mimi sisikii chochote. Nasimama tu katikati ya watu nikipiga makofi.

Alhamisi nilitoka sokoni nikaingia parokiani kwenu. Hakukuwa na Misa. Nilimkuta Mama Nafula peke yake, yule mwenzako wa jumuiya, anafagia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kando ya tabernakulo, kile kisanduku mnamohifadhi Komunyo. Nikakaa. Nikangoja nisikie kitu, wapi. Nikamwambia hivyo Mama Nafula. Aliegemeza ufagio ukutani, akaketi kando yangu, akaniambia hata wewe kuna miaka hukusikia kitu, hasa baada ya Baba kufa. Ulikuwa ukimwambia, "Nisikie, nisisikie, yeye yuko. Mimi nakuja kukaa naye."

Miaka, Mama. Na mimi nilidhani imani ulizaliwa nayo. Hukuniambia hata mara moja.

Nililia pale. Mama Nafula hakuninyamazisha.

Jumapili nikaenda Misa. Padri alipotaja jina lako kati ya marehemu, nilishika benchi la mbele. Wakati wa Komunyo nilifuata mstari, mikono nimeikunja kifuani kama wasiopokea, Padri akanibariki tu. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliambiwa, "Mwili wa Kristo," akaitikia, "Amina," kwa sauti ya mtu anayemjibu mtu aliye mbele yake. Nikarudi kwenye benchi nikilitamani hilo neno.

Pumzika sasa, Mama. Koo halikuumi tena. Nakuahidi wiki hii nitaenda kuongea na Padri, anieleze nianzie wapi kurudi. Lakini ile Amina sitaisema kwa sababu ya kukulilia wewe. Siku nitakayoisema, nitakuwa namjibu yeye.

Binti yako,
Nekesa